Boga la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu leo. Kaja na mabegi, kiti chake cha kukunja, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo, mbegu tatu za boga. Nene, nyeupe, kubwa kama kucha ya dole gumba. Ndizo zilizobaki za marehemu baba mkwe, ambaye kila msimu alitunza mbegu za boga lililoyazidi mengine yote. Kazi ya maisha yake. Nyingine zililiwa na panya baada ya mazishi.

Ameniomba nizioteshe, ukoo huu usikatike. Nikamwambia, mama, niachie mimi.

Sikumwambia nilichokuwa nakiona kichwani: mashindano ya maboga pale sokoni, mimi mbele, kinyozi nyuma. Kinyozi ni jirani yangu, uzio tu ndio unaotutenganisha. Mwaka jana alishinda. Utepe wa ushindi kautundika juu ya kioo, huwezi kunyolewa bila kuutazama. Mimi hunyolewa nimefumba macho.

Nimemshukuru Mungu kwa kuniletea mama mkwe. Sikuwahi kudhani nitaandika sentensi hiyo.

Alhamisi, 14 Machi

Msiba! Mimi ni dobi, na dobi anajua nguvu ya wanga: kola iliyolala, ukiitia wanga, inasimama. Nikaloweka mbegu ya kwanza kwenye wanga ili isimame mapema. Imeoza. Ya pili niliianika juani ipate nguvu. Nguvu kazipata kuku.

Ya tatu sikuiona tena. Nimezunguka na siri hii tangu asubuhi, jasho linanitoka kuliko siku za kupiga pasi makoti. Jioni mama mkwe akaniita nyuma ya karo la kufulia. Mche! Majani mawili manene kama masikio ya ndama. Aliichukua mbegu akaipanda mwenyewe. Akasema aliona nina shughuli nyingi.

Nikamwambia ndivyo nilivyopanga. Mke wangu akakohoa.

Jumatatu, 1 Aprili

Mmea unakimbia! Umeshapita chini ya kamba za kuanikia, umekumbatia nguzo.

Hila ya leo: kinyozi ana lundo la samadi upande wake, nyeusi, inafuka mvuke. Mimi sina hata koleo moja. Nikachukua ncha ya tawi, nikaipenyeza chini ya uzio. Tawi la boga hutoa mizizi linapogusa udongo. Litakula kwake, linenepe kwangu. Nilipiga mluzi kazini mchana kutwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimegundua kwamba maua mengi hayana kitu. Yamekaa tu juu ya vikonyo virefu, kazi yao kupendeza. Wavivu! Nikayakata yote, hata yaliyokuwa bado hayajafunguka, chakula kiende kwa wenye bidii.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, baba watoto, hayo ndiyo maua dume, sasa nani atamzalisha huyo? Mama mkwe hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake akatazama pembeni. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi ua jike limefunguka, limekalia kiboga kidogo kama yai. Halina subira ua hilo. Mchana linajifunga, na lisipopata unga wa dume, kiboga kinaoza. Nimeinua kila jani kutafuta dume. Hakuna hata moja. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefanya kazi bila kubakiza.

Mama mkwe alisimama kando, midomo inacheza bila sauti. Nilijua anaongea na mumewe. Nilitamani karo linimeze.

Ndipo kinyozi akachungulia juu ya uzio. Mkononi ana ua dume, bichi, lina umande.

"Jirani," akasema, "mtoto wako anacheza kwangu tangu zamani. Leo katoa ua."

Lile tawi! Kumbe aliliona. Hakulikata. Alilipalilia, akalimwagilia, akalisogezea samadi. Akazunguka kupitia getini, akachana petali, akapaka ule unga wa njano ndani ya ua jike, taratibu, kama anayempaka mteja poda shingoni. Mama mkwe akamshika mikono yote miwili.

Mimi nilitaka kusema neno zito. Nikasema, "Kumbe uliliona."

"Jirani, nene kama mkono wangu. Nitaachaje kuliona?"

Nimeaibika. Lakini shukrani imeizidi aibu kwa mbali.

Jumapili, 26 Mei

Boga limeshinda beseni langu kubwa! Jua lilikuwa kali, nikalifunika kwa shuka la mteja, muuguzi wa mtaa wa nyuma. Akaja kulichukua kabla sijalitoa. Nikamwambia shuka linapata hewa. Akainua pembe, akaona. Nikangoja kelele. Akapiga magoti, akalipapasa boga kama tumbo la mjamzito, akasema shuka libaki, anayo mengine.

Sasa watu wanakuja na nguo safi wapate kuliona. Nazifua tena. Mama mkwe anawasimulia habari za mumewe, na wanasikiliza! Leo nimemsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Ijumaa, 28 Juni

Kesho ndiyo kesho. Kinyozi kaja, kalizunguka boga, kavua kofia. Akasema la kwake halifikii. Akanishauri nisilimwagilie leo, maji mengi ghafla yatalipasua.

Ahaa! Mshindani anakushauri uzito usiongezeke? Nimemwona mpaka moyoni. Alipoondoka tu nikachukua ndoo. Mke wangu akaniambia mtu huyu ndiye aliyekuletea ua. Nikamwambia hayo yalikuwa Aprili. Nimemwaga ndoo mpaka mabega yamekufa ganzi.

Jumamosi, 29 Juni

Limepasuka.

Alfajiri tulisikia mlio kama gunia linachanwa. Ufa kutoka kikonyo mpaka chini, mkono unaingia. Lenye ufa halipokelewi mashindanoni. Nikakaa kwenye tope langu mwenyewe.

Mama mkwe akaja na beseni. Hakunitazama. Akapandisha mkono wa gauni, akaingiza kiganja kwenye ufa, akatoa konzi ya mbegu. Nene. Nyeupe. Akatoa nyingine, na nyingine. Akaziweka shavuni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu," akaniambia, "nilikuomba mbegu. Utepe uliutaka wewe."

Kinyozi alikuwa keshafika na wabebaji, kuja kunisaidia kulipakia. Aliutazama ufa, akaitazama ndoo. Mtu mwingine angenisuta. Akaenda, akashinda, akarudi na kisu kikubwa kutusaidia kukata. Mtaa mzima umekula boga, na bado lipo. Muuguzi kachukua shuka lake. Lina doa la njano. Kasema atalilalia hivyo hivyo.

Jumatatu, 1 Julai

Mbegu zinakauka juu ya meza yangu ya pasi. Mama mkwe amezigawa: mafungu ya majirani, fungu la kinyozi, fungu langu. Langu amesema atanishikia yeye.

Nina watu mimi! Mama mkwe, mke, muuguzi, kinyozi. Nimepita kwake asubuhi kumwambia asante, na nimenyolewa macho wazi. Sina kinyongo na mtu. Sina hila tena.

Kisha nimekaa nikatafakari kwa utulivu kwa nini boga lilipasuka. Jibu limekuja lenyewe: ndoo. Maji ya ndoo huja kwa kukatika, boga linashtuka. Lingekunywa mfululizo lisingepasuka hata kidogo.

Nimenunua mpira wa maji, mnene kuliko yote dukani. Bomba lenye nguvu liko kwa kinyozi. Unapita vizuri tu chini ya uzio.