Panua Mdomo, Nasoma

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata dawa! Tangu nirudi shule na umri huu, muda wa kusoma sina. Mchana namsaidia daktari wa meno, jioni darasani, usiku watoto. Na Jumamosi ni mtihani wa mdomo wa uongozi. Daktari keshasema atakayefaulu ndiye meneja wa kliniki. Hapa kazini tunaosoma ni wawili tu: mimi, na wifi yangu wa mapokezi, mdogo wake mume wangu, kaja kazini juzijuzi na tayari anataka kuitwa Madam.

Dawa yenyewe ni hii: mgonjwa akishapanua mdomo, nami nimeshika mrija wa kunyonya mate, namkariria somo langu lote. Nani atanibishia? Daktari nimemwambia ni njia ya kisasa ya kutuliza wagonjwa. Kaamini.

Jumanne, 5 Machi
Mambo safi. Seremala mmoja, jino la nyuma, kapata aina zote za uongozi. Alitaka kusema kitu. Nikamsogezea mrija. Wifi kaomba mlango wa chumba cha daktari uachwe wazi, apate hewa kule mapokezi. Maskini, joto linamtesa. Nimemkubalia kwa roho safi.

Alhamisi, 7 Machi
Somo limeniingia lote. Ila wakati wa kula baba watoto alitaka nimweleze kidogo, nikakwama kama gari bovu. Nikamwomba apanue mdomo. Akauliza kama niko salama. Alipopanua, yakatiririka yote, pamoja na "tema mate" baada ya kila hoja. Kasema tangu nianze shule anapika yeye, anaogesha watoto yeye, na sasa anakaguliwa koo. Nikifeli, tutaongea. Sikupenda alivyosema tutaongea.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Mtahini ana midomo ya kubana kama pochi. Kauliza, nikamtazama, kichwa kitupu. Alipopiga mwayo nikapata majibu mawili. Akafumba, nikaishia hapo.

Nimefeli. Akaingia wifi, mimi nimekaa nje ya mlango nasikia. Maneno yangu! Mpangilio wangu, kikohozi changu, na baada ya kila hoja, "tema mate". Mtahini alicheka hadi akavua miwani, akamfaulisha hapohapo. Kumbe ndiyo hewa aliyokuwa anaitafuta!

Jumatatu, 11 Machi
Meneja mpya kaamuru mlango wa chumba cha daktari ufungwe na msaidizi asiongee na wagonjwa. Nikajibu sawa, Madam. Iliniuma, nikalia chooni, nikanawa uso. Baba watoto hata hakuongea. Kanikabidhi mwiko.

Lakini kosa nimeligundua, na wala si langu. Ni mdomo wa mtahini. Mtihani wa marudio ni mwezi ujao, kwa hiyo leo nimempigia kwa sauti tamu, nikamwalika aje kuangaliwa meno bure, na akipenda anitahini palepale kitini. Kakubali. Maswali atauliza kabla hajapanua. Mrija nitashika mimi.