Hakimu wa Vipande Vitatu

Redio ya Pancha ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani wa baiskeli ya mteja, inakoroma kama kawaida yake, mara ikasafisha koo na kutangaza kwamba wataalamu wamechunguza, wameona mtu anayesoma kurasa chache kila siku hupata akili kali, usingizi mzuri na amani nyumbani.

"Amani nyumbani," Kipaza akarudia, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu, mguu mmoja umetegeshewa tofali, kati ya kibanda cha Kinyozi na mlango wa Mama Sindano, fundi cherehani. Pancha, fundi baiskeli, alikaa chini mbele yao na beseni lake la maji. Kipaza hakuwa na kazi pale. Alikuwa dalali wa mnada aliyestaafu, mtu aliyewahi kumuuzia kabati lisilo na milango mteja aliyekuja kutafuta kitanda. Mnada ulipofungwa sauti ilibaki, na sauti kama ile haienei ndani ya nyumba.

Na nyumbani ndiko kulikokuwa na kidonda. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakabaki yeye na mkewe, na mkewe alikuwa amempata mwingine: kitabu. Kila jioni baada ya chai mama yule alivaa miwani, akasoma kurasa zake chache, akakunja pembe ya ukurasa, kisha akakaa kimya akiutazama ukuta kana kwamba ukuta nao umesema jambo. Kipaza akimwaga habari za mtaa mzima, jibu ni "Mmh." Akipandisha sauti, "Mmh" inarefuka. Lililomuuma zaidi ni kwamba kitabu kile alikileta yeye mwenyewe, kwenye boksi la vitu vilivyokosa mnunuzi siku ya mwisho ya mnada. Alimfuga nyoka, akampa na mto wa kulalia.

Basi kesho yake akaja kijiweni na kitabu kile kwapani. Akapanda juu ya benchi.

"Mabibi na mabwana, kitabu hiki, hakina jalada, hakina adabu, kimemnyang'anya mume wa watu nafasi yake mezani. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Pancha akauliza kama kina picha. Kinyozi akauliza kama karatasi zake ni laini, maana ana wembe wa kufuta. Mama Sindano, ambaye huwa anasema pini zikiwa mdomoni, akazitoa kwanza ili asikike vizuri.

"Kwani kinasema nini mpaka shemeji akakuacha?"

Dalali akakigeuza kitabu mbele na nyuma. Hakujua. Alikuwa amekichukia kitabu kama watu wanavyomchukia mkwe, bila kumsikiliza.

Wakambana. Wakasema mtu hashtaki asichokijua, na kwamba debe tupu ndilo lenye kelele, na kwamba kama si mwoga asome aone. Kipaza akasema atasoma. Kinyozi naye akasema atasoma, kwa kuwa hataki kuzidiwa na mtu ambaye kichwa chake anakinyoa yeye. Mama Sindano akasema naye yumo. Sasa kitabu kimoja, watu watatu, kila mmoja anakivuta kwake.

"Mnagombania kitambaa kinachotosha watu watatu," Mama Sindano akasema, akainua mkasi.

Kipaza akanyoosha mkono, akaurudisha. Kile kitabu ni cha mkewe, na mkasi ule hukata suti. Lakini watu wanamtazama, na ni juzi tu aliwahubiria pale pale kwamba mwanamume hamwogopi mkewe.

"Kata," akasema.

Mama Sindano akakata kwa kufuata mshono. Mkato wa kwanza akauweka pale palipokunjwa pembe, wa pili akaukadiria kwa jicho, kila kipande akakipiga uzi pembeni kisichanike. Yeye akachukua mwanzo. Kipaza akapata katikati. Kinyozi akaomba mwisho, akisema wateja wake nao huketi kitini mazungumzo yakiwa yameshafika mbali, kwa hiyo yeye hajawahi kusikia mwanzo wa jambo lolote. Pancha akakataa kwa sababu ya mikono yenye grisi. Yeye atakuwa mwananchi, akasema, atasikiliza na kulalamika.

Makubaliano yakawa yale ya redio: kurasa chache kila siku, asubuhi, kabla ya kazi. Waone hiyo akili kali inaota wapi.

"Akili ni nywele," Kinyozi akasema, "kila mtu ana zake. Mimi ndiye ninayejua za nani zimekatika."

Siku za kwanza walisoma kama watu wanaokunywa dawa, nyuso zimekunjamana. Midomo ya Kipaza ilicheza, kidole kikifuata mstari, na akifika kwenye nukta alishusha pumzi kama aliyeshusha gunia. Kisha, bila mtu kutangaza, wakaanza kufika mapema. Kinyozi alikutwa amemwacha mteja na povu nusu ya uso, anamalizia ukurasa. Na ugomvi ukaja.

Mama Sindano ndiye aliyeuwasha. Akasema kijana wa kwenye kile kitabu ni mwizi. Ameingia duka la fundi cherehani, maskini ya Mungu, akabeba jora zima la kitambaa, na mtu mwingine asiye na hatia akakamatwa. Kwa mkono wake Mama Sindano angempiga pasi akiwa amevaa.

Kipaza akasema amwombe radhi mheshimiwa. Huyo anayemwita mwizi ni hakimu, mtu mpole, anayesikiliza kesi ya kuku kwa uzito ule ule wa kesi ya nyumba.

"Hakimu gani ameiba kitambaa?"

"Hakimu gani ana muda wa kuiba? Ana mafaili mpaka kidevuni."

Kinyozi akawashangaa wote wawili. Yeye alimjua kama mzee mgonjwa kitandani, hawezi hata kuinua kikombe, anahudumiwa na mtu mmoja ambaye hamtozi chochote wala hamwiti kwa jina. Watu wanamsema vibaya mgonjwa, akasema, dhambi hizo.

Pancha, mwananchi, akatoa gurudumu ndani ya maji. "Mna hakika mnasoma kitabu kimoja? Maana mmoja kakamata mkia, mwingine tumbo, na mnauziana ng'ombe mzima."

Wakazozana mpaka mchana, ndipo wakagundua jina ni lile lile kwa wote watatu: mtu mmoja, ujana wake, utu uzima wake na uzee wake. Jambo la ajabu ni kwamba ili kumshinda mwenzako ilibidi kwanza umsikilize alichosoma. Kipaza, ambaye kwa miaka alikuwa akijibu swali kabla halijaisha, alianza kuonekana ameinamisha shingo, anangoja Mama Sindano atoe pini. Pancha aliliona hilo akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakujua kwamba cha mvunguni kina faida namna hii, mtaa umepumua.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mkewe alikitafuta kitabu. Hakuuliza wala hakulaumu. Aliinua mito, akasogeza masanduku, akarudi kukaa. Kipaza alimsaidia kutafuta kwa bidii zote za mtu anayejua kitu hakipo, akaingia mpaka chini ya kitanda. Alitegemea kwamba, kitabu kikishatoweka, zamu itarudi kwake. Haikurudi. Baada ya chai mama alikaa mahali pake pa siku zote, mikono juu ya meza, mitupu. Kumtazama ilikuwa kazi kubwa kuliko kusikia "Mmh."

Jioni moja Kipaza akashindwa. Akaanza kumsimulia habari za kijana mmoja wa mtaani aliyekamatwa na simu ya wizi, watu wakisema huyo maisha yake yamekwisha. Naye, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa, mdomo ukateleza.

"Wanasema hovyo tu. Hata mwizi wa jora la kitambaa anaweza kuja kuwa hakimu."

Kikombe cha mkewe kikasimama hewani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ambayo Kipaza alishaisahau, mama akageuza kiti kumtazama.

"Kwa hiyo alikuja kuwa hakimu?"

Swali alilolitamani miezi yote, swali lenye macho ndani yake, ndilo hilo, na limekuja na pingu. Kipaza akamwongezea chai. Mkewe akamaliza chai yake taratibu, akaenda kulala.

Asubuhi alikuja kijiweni mwenyewe, miwani imeshavaliwa. Benchi zima likajua. Kinyozi alikuwa na wembe mkono mmoja na kipande chake mkono wa pili, mteja katikati. Mama Sindano akazifyonza pini.

"Nani ana mwisho?" mama akauliza.

"Mimi, shemeji. Na pole sana, maana mwisho wenyewe huyu mzee anaku—"

"Ukimaliza hiyo sentensi, wembe huo nitakunyoa mimi."

Kinyozi akaimeza sentensi pamoja na mate. Mama akavikusanya vipande vitatu kama mtu anayewaita watoto ndani, akampa Mama Sindano, akamwambia avishone. Cherehani ikaanza kuguruma. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Ulikichukulia nini?"

Kipaza alikuwa na majibu mengi, mengine mazuri sana, ya kuuzia kabati. Hakuyatumia.

"Nilitaka kujua kinakuambia nini ambacho mimi sikuambii."

"Hakiniambii kingi kuliko wewe, baba watoto. Hakuna anayeniambia mengi kuliko wewe." Pancha akakohoa, akapewa jicho. "Ila kile nikikifunga, kinafungika. Kinaniacha niwaze kidogo. Kesho nikikifungua, kinaanzia pale pale nilipofikia mimi."

Kipaza akatazama tofali lililoshika mguu wa benchi. Akasema, kwa sauti ambayo mnada haukuwahi kuisikia, kwamba yeye mwanzo hajausoma, ameanzia katikati, na tangu juzi halali vizuri akijiuliza yule asiye na hatia alipelekwa wapi.

Mkewe akamtazama sana. Halafu akawaomba wamsogezee nafasi, akaketi benchini.

Tangu hapo anakuja kila asubuhi na kitabu chake chenye uzi mweusi wa suti. Wamekianza upya kwa ajili ya Kipaza. Anasoma mama, kwa sauti, kurasa chache. Wakimwomba aongeze anakunja pembe, anasema kesho. Jioni, baada ya chai, mzee anauliza, mama anajibu, mama anauliza, mzee anangoja kwanza ndipo ajibu, na mara nyingine chai inapoa. Kinyozi amekatazwa kupumua kwa namna yoyote inayoonyesha kwamba anajua mwisho. Mteja wa povu naye amekuwa wa kudumu, ndevu zake zinanyolewa upande mmoja leo, mwingine kesho.

Asubuhi walipofika kwenye yale ya mzee wa kitandani, jamaa mmoja mpita njia alilipita benchi, akarudi nyuma. Aliona vichwa vimeinama. Pancha amezima redio. Kinyozi anafuta macho kwa taulo la kazi, Mama Sindano kashika shavu, na Kipaza, yule Kipaza, kimya. Jamaa akavua kofia.

"Poleni, ndugu zangu. Ni nani?"

Kipaza akaweka kidole mdomoni, akamnong'oneza:

"Bado hajafa. Ila hali si nzuri. Kaa, na usipige kelele."

Jamaa akakaa.