Skrini ya Pili Imenichongea

Leo nimeaibika, wakuu, na ni mikono yangu mwenyewe iliyoniaibisha.

Mnajua kazi yangu ya kurekebisha picha kwa kompyuta, pale studio ya Mzee Harjit mjini Nakuru. Wateja wamezoea kusimama nyuma yangu wakichagua picha, wananipumulia shingoni. (Wengine wametoka kula vitunguu.) Basi leo asubuhi mzee akaleta skrini ya zamani kutoka nyumbani kwake, niielekeze kwenye benchi la wateja.

"Lakini customer aone picha yake tu," akaniambia. "Hiyo kazi yako ingine ibaki kwako. Tununue card ya pili ya kompyuta, kila skrini iwe na yake?"

"Hakuna haja, Mzee. Niachie mimi."

Nikakimbia mtaa wa Rhonda kwa fundi, nikarudi na waya wenye vichwa viwili. Nikachomeka. Picha ikatokea huku, ikatokea na kule! Nikajiona injinia. (Sikujiuliza ni nini kingine kitatokea kule.)

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Atieno, jirani yetu mtaani Kaptembwo. Ndiye aliyemsihi Mzee Harjit aniajiri, baada ya mimi kukaa nyumbani mwaka mzima. Alitaka picha ya kumtumia mwanawe aliye ng'ambo, na alikuwa amevaa wigi ya kuazima. Nikampiga picha, akaketi na wateja wengine wanne kwenye benchi, nikaifungua picha.

Mara rafiki yangu Kamau, aliyekuwa kwenye cyber huko Bahati, akaniandikia ujumbe kwenye kompyuta: "Niaje, uko job?"

Nikamjibu: "Niko. Kuna mathe hapa amevaa wigi ni kama kuku imelala kwa kichwa. Sijui niedit picha ama niite vet."

Benchi likacheka. Nikadhani wanafurahia picha, nami nikatabasamu. Nikaongeza: "Hata customers wanamcheka!"

Kicheko kikakatika ghafla.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Mama Atieno. "Hayo maandishi yanasema nini? Miwani nimeacha kwa nyumba. Nisomeeni."

Mzee mmoja pale benchini (Mungu amsamehe) akamsomea yote. Polepole!

Nikageuka. Skrini ya benchi ilikuwa na kila kitu changu, neno kwa neno. Mzee Harjit alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akasoma yote, akageuka akaenda zake. Heri angenitukana.

Mama Atieno akavua wigi, akaiweka mapajani. Ana mvi nyingi siku hizi, na mimi jirani yake sikuwa nimeziona.

"Nilitaka mwanangu asijue nimezeeka," akasema. "Nipige ingine basi. Hivi tu."

"Mama, nisamehe. Nimekosa."

"Nimesikia. Piga picha."

Picha tatu za kwanza zikatoka na ukungu. Ya nne ikawa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Akaichukua, akaenda bila kuniaga.

Najuta, jamani. Kesho asubuhi nitapita mlangoni pake kama kila siku, na sijui nitamwamkia kwa uso gani. Tafadhali msinicheke. Na kama ni lazima mcheke, angalieni kwanza skrini yenu inatazamwa na nani.