Kamati ya Springi za Nyuma

Kwa heshima na taadhima, umma wote wa Nchelenge, kuanzia Kashikishi hadi Kabuta, pamoja na wafanyabiashara wa samaki wanaotoka ng'ambo ya ziwa, unatangaziwa kwamba springi za nyuma za pikipiki ya magurudumu manne zimepimwa, zimepimika, na kipimo chake kimekubalika. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka mzima. Wapo wanaocheka. Mimi, Kafula, niliyekuwa katibu wa kamati husika, naandika taarifa hii kwa Kiswahili kusudi hata Wakongomani wakose kisingizio.

Pikipiki ilitufikia kiangazi cha mwaka wa tisini na nane. Wafadhili waliitoa ibebe wagonjwa wa ufukweni, hasa wajawazito, maana barabara ya Kabuta ni mchanga na makorongo, na gari likifika kule ni kwa rehema za Mungu. Ilikuja na agizo moja: kabla ya kubeba mgonjwa, hakikisheni springi za nyuma zinapanda na kushuka inavyotakiwa. Fundi wa mtaani angeinyanyua nyuma mpaka magurudumu yaning'inie, akapima kutoka ekseli hadi keria, akaikandamiza hadi mwisho, akapima tena, akatoa hesabu, akaenda kula. Serikali haiwezi kufanya kazi kwa pupa namna hiyo.

Ikaundwa Kamati ya Upimaji wa Mpando na Mshuko wa Nyuma. Mwenyekiti alikuwa Bwana Chisanga, mtu mzito kwa cheo na kwa kilo. Dereva alikuwa Sampa, ambaye hakuwa na kura wala posho. Wakati wa kusubiri kipimo, pikipiki ililala kwa Mwenyekiti, naye kwa moyo wa kujitolea aliiendesha kila jioni hadi kilabuni, springi zisije zikashika kutu.

Kuikandamiza kunahitaji mzigo. Tuliomba saruji. Ilipofika, ilihifadhiwa nyumbani kwa Mwenyekiti kwa sababu za usalama, na huko ikapata unyevu, ikaganda katika umbo la sakafu. Tukaomba unga wa mahindi. Unga ulipungua uzito kwa njia ya ugali. Hapo nilitunga kanuni ambazo hadi leo najivunia: mzigo wa majaribio uwe usioibika, na upimwe mwanzo wa safari na mwisho wa safari. Uzito ukitofautiana, kipimo ni batili na kirudiwe.

Tulikwenda Kabuta ili tupime katika mazingira halisi, na pia kwa kuwa kamati yetu haijawahi kukataa samaki wabichi. Kabla hatujanawa mikono akaja Berthe, Mkongomani anayenunua samaki hapo, akimkokota mdogo wake Jeanine. Jeanine alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa mkingamo.

"Mukubwa, utupatie ile moto," Berthe alimwambia Mwenyekiti, akiinyooshea pikipiki kidole. "Mutoto amelala vibaya mu tumbo. Mwaka ilipita tulimubeba mwenzetu Yolande na kitanda, akatukufia ku njia, yeye na mutoto. Huyu siko tayari kumuzika."

"Pole sana, mama," Mwenyekiti alijibu. "Lakini hii kintu haiyapimwa. Mugonjwa hapana, mupaka springi zipimwe."

"Na zinapimwa na nini?"

"Na muzigo. Ila muzigo ya kweli, ile batu hawawezi kuiba."

Berthe alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameinama ameshika ukuta.

"Alors, muzigo njo huyu. Na hii tumbo, mwizi gani atakimbia naye?"

Kamati ilijadili. Kimsingi mama yule alitimiza masharti, na Sampa alikuwa ameshawasha injini bila idhini. Lilibaki suala la mahali pa kuishia.

"Tupime mupaka ku kilabu," Mwenyekiti alipendekeza.

"Kule balance haiko, ba Cheyamani," alisema Sampa kwa heshima akitazama chini, akiwa na maana ya mizani. "Balance ya kweli iko ku hospitali, mukwai."

Kanuni ni kanuni. Tulimpima Jeanine kwenye mizani ya magunia ya samaki, tukampandisha nyuma, Berthe akampakata. Nikachuchumaa na rula yangu kati ya ekseli na keria, huku Jeanine akimwita mama yake aliyekufa zamani. Nakiri ulikuwa mlio wa kukwaza, hasa kwa mtu anayesoma milimita.

Hospitalini mzigo ulipitilizwa hadi chumba cha upasuaji pasipo kupitia mizani, kinyume kabisa cha utaratibu. Ulipopatikana tena ulikuwa mizigo miwili, na wa pili ulikuwa ukinyonya. Uzito haukulingana hata kwa kubembeleza. Nilikibatilisha kipimo papo hapo.

"Sasa itakuwa namna gani?" Berthe aliuliza. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa shwari.

"Kitarudiwa," nilimwambia kwa ukali.

"Bon. Tutarudia."

Na kweli tulirudia. Sijui nani aliwaeleza kanuni wanawake wa Kabuta, ila haikupita wiki bila wao kutuletea mzigo wenye sifa zote. Mingine ilirudi pungufu, mingine ilirudi wawili, na mmoja, ambao nilishauandikia barua ya onyo, ulirudi watatu. Mzee mwenye kuhara alipungua njiani, akabatilishwa. Vikao vilikuwa vingi na posho ilikuja kwa wakati, kwa hiyo mimi sikuwa na malalamiko. Aliyesononeka ni Mwenyekiti, kwa vile pikipiki sasa ilikuwa kwenye majaribio wakati wote, na kilabu alikifikia kwa miguu.

Masika yalitukuta Kabuta tena, kwenye chakula cha kamati. Mwenyekiti alinyanyuka kuongeza samaki, na ngiri yake ya miaka mingi ikambana. Akaanguka mchangani, uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Sampa," alisema. "Moto. Nipeleke."

Sampa alimtazama Berthe, ambaye siku hizo ndiye aliyesimamia mizani. Berthe alisogea taratibu, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Weye uko mugonjwa, ba Cheyamani?"

"Niko mugonjwa sana, mama."

"Ah. Bagonjwa hatubebe, springi haziyapimwa. Ni weye ulikataza. Tunabebaka muzigo tu."

Mwenyekiti alinigeukia mimi, katibu wake mwaminifu. Nilimhurumia kwa dhati, lakini nisingeweza kuivunja kanuni mbele ya umma.

"Andika muzigo," alisema kwa sauti ndogo.

Wanawake wanne walimkunja, wakamweka kwenye mizani kati ya magunia ya dagaa wa chisense. Berthe alizisoma kilo kwa sauti, wenzake wakazirudia, mpaka wavuvi waliokuwa majini wakazijua. Alipopandishwa nyuma, springi zilishuka hadi mwisho wake kabisa, jambo ambalo hakuna mama aliyewahi kulitimiza. Berthe alikaa mbele na Sampa, mimi nikaning'inia pembeni.

Hospitalini machela ilikuwa tayari. Berthe alisimama mlangoni.

"Docteur, bado. Kwanza balance."

Mwenyekiti aliwekwa kwenye mizani akiugua. Kilo zilikuwa zile zile. Nilipima springi kwa furaha, nikatoa hesabu, nikatamka mbele ya wauguzi kwamba kipimo ni halali na pikipiki iko huru kubeba wagonjwa. Wakati natamka ndipo nilipoelewa. Kamati iliyomaliza kazi yake haina mwenyekiti, wala haina katibu. Niliumia, na sioni haya kusema hivyo. Bwana Chisanga alipasuliwa ngiri akiwa raia wa kawaida.

Aliporuhusiwa kutoka, alimkuta Sampa getini akimsaidia mama mmoja kushuka, akamwomba amfikishe nyumbani.

"Hii ni ya bagonjwa, mukwai," Sampa alimjibu kwa adabu zote. "Weye umepona."

Mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa akielekea huko alimpa nafasi kwenye keria ya baiskeli yake, juu ya gunia. Niliwatazama wakiingia kwenye makorongo, Bwana Chisanga akirushwa juu na kurudi. Rula ilikuwa mfukoni mwangu, lakini baiskeli haina springi za nyuma, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kupima.