Bwana Shamba Anafunga Kupita Kiasi

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Mtakatifu Egidi,
Kigango cha mlimani, njia ya Litembo,
Mbinga.
Wiki ya tatu ya Kwaresima

Kwa Padre Gaudence, Paroko

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA MWISLAMU

Baba Paroko mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeshaitikia, hivyo naendelea.

Mimi ni Erasmo Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya iliyotajwa hapo juu, yule aliyesimama kwenye semina ya walei akakusahihisha kuhusu Mtaguso wa Nisea. Ninaandika kwa unyenyekevu. Uchaguzi wetu ni Jumapili baada ya Pasaka, na nisiposaidiwa kabla ya hapo, kiti changu kitakaliwa na mtu ambaye hata hajabatizwa.

Mtu huyo ni Bwana Shaweji, afisa ugani, mwenyeji wa Pangani, ambaye kijiji kizima kinamwita Bwana Shamba. Serikali ilimleta atufundishe kupogoa kahawa, naye akapanga nyumba inayotazamana na yangu. Ni Mwislamu pekee huku kwetu juu. Sina neno na Waislamu. Nimesoma Kurani kwa tafsiri ya Kiswahili toka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Katekisimu nayo nimeirudia. Nguzo zao tano na sakramenti zetu saba naweza kuzilinganisha kwenye mhadhara wowote, kuwe na kipaza sauti au kusiwe. Kwa hiyo Uislamu haunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni kwamba huyu bwana anaufuata.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anasali sala zote. Dini yake inamtaka asali mara tano kwa siku, na yeye anasali mara tano. Baba, huku hakuna wa kumsimamia! Msikiti uko mbali, mjini. Angeweza kusali mbili akapumzika, na nani angejua? Sisi tunaombwa Misa moja ya Jumapili, na unatufahamu: tunaingia wakati wa Injili, tunatoka Komunyo ikiwa bado ulimini. Zamani jambo hili halikumshangaza mtu. Sasa mzee Stephano, mweka hazina wetu, ananipigia kelele kutoka barabarani: "Mwenyekiti, mwenzako keshasali mara ya pili, wewe ndiyo kwanza unatafuta soksi?"

2. Kabla ya kila sala ananawa mikono, anasukutua mdomo, anasafisha pua, anaosha uso, anapaka maji kichwani, anamalizia na miguu, tena kwa maji ya mlima huu, baridi ambayo hata bata wanaiogopa. Sisi tunachovya ncha ya kidole kwenye maji ya baraka, na wengine wanagusa ukingo wa bakuli tu. Mke wangu Matilda ameanza kuulizia miguu yangu kabla sijapanda kitandani. Nimemjibu kwamba kwetu miguu huoshwa Alhamisi Kuu.

3. Mwaka huu Jumatano ya Majivu na mwezi mwandamo wa Ramadhani vimeongozana kama ng'ombe na mkia wake, kwa hiyo kijiji kinatulinganisha bila huruma. Yeye toka alfajiri hadi magharibi hali wala hanywi, na bado anapanda na kushuka vilima akiwaonyesha watu matawi ya kukata. Sisi Ijumaa tunaacha nyama. Badala yake tunakula samaki mbasa aliyepanda kutoka ziwani, Ngumbo, wa kukaanga, mkia unaning'inia nje ya sahani, kisha tunaugulia kana kwamba tumesulubiwa.

Mimi binafsi niliahidi mbele ya jumuiya kwamba sitaonja pombe ya komoni hadi Pasaka. Niliishika ahadi hiyo hadi Jumamosi. Ninayo hoja yangu: komoni ni mahindi na maji, yaani ni uji uliokua ukapata akili. Wote waliokuwepo waliikubali hoja hii, ingawa ni kweli kwamba wote tulikuwa kilabuni kwa Hilda, muuza komoni.

Nilisoma mahali kwamba wapo wanaofunga mchana na kufidia jioni kwa mapochopocho. Nikamchungulia juu ya ua wakati wa kufuturu, nimnase. Nilikuta uji wa pilipili manga na mihogo, na nusu ya sufuria ilikuwa inaelekea kwa jirani.

4. Anatoa sadaka kimyakimya. Zaka ya mwisho wa mfungo bado hajaitoa. Hizi ni sadaka tu, naweka wazi asije akasema sijasoma. Mjane Tadea alikuta mahindi mlangoni kwake, akamshukuru Mtakatifu Antoni. Jumuiya, kwa kuwa Mtakatifu Antoni hakuwepo kikaoni, ilipokea shukrani kwa niaba yake, na mimi nikatoa hotuba fupi. Wiki iliyofuata Tadea alitambua kwamba mfuko ule ni wa mbegu, na mifuko ya namna ile anayo Bwana Shamba peke yake. Hebu fikiri nilivyoonekana. Sadaka zetu husomwa kwa majina, mtu akapigiwa vigelegele, na waumini wakajifunza. Sadaka isiyotangazwa inamfundisha nani?

5. Kibla. Kutoka hapa Makka iko kaskazini, na kaskazini ya mkeka wake ndipo kilipo kilabu cha Hilda. Mwanzoni wanywaji walificha vikombe wakidhani wanasemewa kwa Mungu. Kisha wakageuza mabenchi. Siku hizi wanakunywa wametazama ukuta, wananong'ona, wana adabu kuliko kwaya yetu. Hilda ameniuliza, kama mtu niliyesoma, iwapo Makka inaweza kusogezwa kidogo upande wa shule. Nimeangalia ramani. Haiwezekani.

6. Anakataa mjadala. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote hapo juu. Nilimwendea na vitabu vyangu kwapani. Nikamwambia wazi: ninyi mnamwendea Mungu moja kwa moja, sisi tunapitia kwa watakatifu, na utaratibu wetu ndio wenye heshima, kwa sababu hata shida ya maji huipeleki wilayani bila kupita kwa mtendaji wa kijiji. Ni hoja nzito, Baba, nimeilea miaka. Akacheka, akasema: "Mzee Erasmo, mimi mdomo nimeufunga, wewe umeufungua. Tutashindana vipi?" Halafu akaniuliza kama mibuni yangu nimeipogoa.

Mtu asiyejibu hawezi kushindwa. Huo ni ujanja.

7. Sasa nafika kwa mama yangu mzazi, Bibi Ephrasia, ambaye macho yamemzimika na miguu haimtoi nje ya uwanja. Maisha yake yote amesali Malaika wa Bwana kwa kengele ya kigango, asubuhi, mchana na jioni. Kamba ya kengele ilikatika wakati wa palizi. Kama mwenyekiti nilichukua hatua mara moja: niliunda kamati ya kamba. Kamati iliteua wajumbe wa kuchunguza mnara, na wajumbe wanasubiri mvua zipungue.

Bwana Shamba, bila kualikwa kikaoni, akaleta kamba yake mpya akasema tuitumie. Niliikataa kwa sababu za kiteolojia. Hatuwezi kumwamkia Bikira Maria kwa kamba ya Mwislamu.

Matokeo yake mama amejipangia mwenyewe. Bwana Shamba huadhini mlangoni kwake, kwa sauti ya kawaida tu, na mama akimsikia anajikunja kwenye kigoda chake na kuanza: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Nimemweleza kwamba saa hazilingani. Akasema Bikira Maria hana haraka. Wanawake wa jirani nao wameanza kumfuata mama. Ndiyo kusema, Baba Paroko, jumuiya yako ya Mtakatifu Egidi inaongozwa kusali na muadhini.

Nilipomfokea, yaani nilipomwelekeza, mama alinishika mkono akaniambia: "Erasmo mwanangu, wewe dini unaijua sana. Shaweji anaifanya." Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

8. Uchaguzi. Katika kikao cha juzi mzee Stephano alisimama akasema tunahitaji mwenyekiti anayesali kwa wakati, anayefunga kweli, asiyelewa, na anayejua ni mjane gani hana mahindi. Akasema mtu huyo tunaye, anakaa mkabala na mwenyekiti wa sasa. Watu wakapiga makofi. Nikasimama na kanuni mkononi, nikawakumbusha kwamba mgombea lazima awe amebatizwa. Stephano akajibu: "Ubatizo ni maji, mwenyekiti. Na maji huyu anayo mara tano kwa siku." Wakapiga makofi tena, na mama yangu, niliyembeba mwenyewe hadi pale kikaoni, alipiga kuliko wote.

Kwa sababu hizo naomba mojawapo ya haya. Ama uongee na wakubwa wake wamhamishie ziwani, ambako kuna Waislamu wenzake, hataonekana sana, na samaki atakula baada ya Idi. Ama, ikishindikana, umwombe kama kiongozi wa dini mwenzake apunguze imani hadi kiwango cha kawaida cha kijiji hiki: sala za siku mbili tatu kwa wiki, funga ya nusu siku, na sadaka itolewe mbele za watu. Mimi kwa upande wangu niko tayari kumlegezea. Akikosea hatutamsema. Tutamkaribisha.

Dini ni kitu chema, Baba, lakini ikifuatwa na mtu mmoja inawaharibia wengi.

Matilda anakusalimu, watoto wanakusalimu, kamati ya kamba inakusalimu. Msalimie katekista na masista wote. Mama anasema Shikamoo hatakupa kwa kuwa wewe ni mtoto kwake, ila anakubariki.

Ni mimi mwanao katika Kristo, bado mwenyekiti,

Erasmo Kapinga

N.B. Barua hii umekabidhiwa na Bwana Shaweji mwenyewe, aliyekuja kwa pikipiki yake. Nilifikiria kumpa Stephano, lakini Stephano angeifungua kabla ya kona ya kwanza. Katika kijiji hiki sina mwingine ninayemwamini na bahasha. Usimpe chai, amefunga. Sala ikimkuta hapo kwako, kibla ni mlango wa sakristia, nimempimia mimi. Ila nakuomba, Baba, usimkawize. Mama hataanza Malaika wa Bwana mpaka amsikie, na mimi na wanangu tumeshaketi barazani kwa Bwana Shamba tunangoja uji wa kufuturu. Leo sijala toka asubuhi. Nilitaka kuona kama inawezekana.