Kisima Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, 12 Mei 2025. Garsen.

Matokeo yametoka. Visima thelathini na nane, kutoka Hewani hadi Golbanti, vyote tulivipima baada ya mafuriko. Nuria, mpimaji wetu wa maji, alinikabidhi orodha saa nne asubuhi. Karatasi moja! Akasema visima sita vina vijidudu vya kinyesi, vyoo vilifurika na maji yakaingia visimani. Anataka isomwe redioni kesho.

Redioni. Katikati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na salamu za wasikilizaji. Miezi minne ya utafiti!

Msaidizi wa mawasiliano wa mradi huu ni mimi, si yeye. Mwezi ujao itatangazwa nafasi ya afisa kamili wa mawasiliano. Nuria anaitamani. Hasemi, lakini naona.

Mpango: uzinduzi rasmi, Ijumaa. Hema. Viti mia mbili. Bango lenye picha yangu nikichota maji. Mgeni wa heshima kutoka Hola. Orodha nitaitangaza mimi. Mkuu wetu, Daktari Hope, yuko kwenye kongamano hadi Jumatatu ijayo. Nilimwandikia matokeo kwa kifupi, na kuwa uhamasishaji umeanza vizuri. Akajibu nihakikishe wenye visima sita wanaambiwa leo. Uzinduzi utalishughulikia hilo.

Alasiri alipiga simu Pekeshe wa Hewani, mkulima wa mpunga. Mtu mwema. Ndiye aliyetuongoza kisima hadi kisima kwa siku tisa, maji yakimfika kiunoni, sanduku la chupa zetu kichwani. Aliuliza kuhusu kisima chake. Nikamwambia matokeo hutangazwa kwa utaratibu, na kwamba nimemwekea kiti cha mbele. Alifurahi sana.

Jumanne, 13 Mei.

Nilimpigia Tom wa redio kabla Nuria hajafika huko. Nikamweleza kuwa orodha haijaidhinishwa. Si uongo, mimi sijaiidhinisha. Nuria alifika studio akarudishwa mlangoni. Alirudi ofisini, akakaa, akaniuliza kama najua lolote. Nikasema watu wa redio hawatabiriki.

Nimeandika taarifa kwa wanahabari. Kurasa tatu. Sentensi ya kwanza: "Ubora wa maji ya visima katika ukanda wa delta umeonyesha mwelekeo usioridhisha kikamilifu." Nuria akaisoma, akachukua kalamu, akaandika pembeni: "Usinywe maji haya bila kuchemsha." Hana lugha kabisa huyu dada.

Pekeshe tena, saa sita. Mkewe Dama anataka wachemshe maji ya kunywa mpaka Ijumaa, lakini kuni zote zimelowa, moshi unawatoa machozi. Akataka kujua kama kuna haja ya taabu hiyo.

Nilifikiri haraka. Nikimwambia achemshe, atajua kuna jambo, Hewani nzima itajua, na Ijumaa nitatangaza nini?

Nikamwambia: "Ndugu yangu, kungekuwa na ubaya si tungeshawaambia?"

Akacheka. "Basi nitamwambia Dama apumzike. Nyinyi ndio mnaojua."

Jumatano, 14 Mei.

Nuria ameamua kuzunguka vijijini mwenyewe. Barabara imekatwa na maji, kwa hiyo aliomba boti ya mradi. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimeshaiandikisha kwa kazi ya kubeba viti. Uwanja wa uzinduzi uko ng'ambo, palipoinuka. Safari nne, viti hamsini kila safari.

Akaomba basi daftari la namba za simu za wenye visima. Daftari hilo nililitengeneza mimi, jina kwa jina. Nikamwambia linachapishwa upya. Lilikuwa chini ya kiwiko changu.

Akavaa viatu vya mpira, akaenda kwa miguu. Nasikia hadi alasiri alikuwa amewafikia wenye visima viwili. Hewani hakuweza, kuna maji mengi katikati.

Bango limefika. Jina langu, Josiah, wameliandika "Yosia". Limerudishwa.

Alhamisi, 15 Mei.

Siku mbaya.

Saa mbili asubuhi Dama alipiga kwa simu ya Pekeshe. Akasema mumewe alianza kuharisha jana jioni, na sasa anatapika, macho yameingia ndani, hawezi kusimama. Alitaka boti ya mradi imlete hospitali. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Boti ilikuwa katikati ya safari ya tatu, imejaa viti. Nikamwambia Dama nitalifanyia kazi. Nikaanza kuandika barua ya kubadilisha matumizi ya boti, maana mambo haya yana utaratibu. Nuria alikuwa amesikia kutoka chumba cha pili. Hakusubiri barua. Alikimbia hadi mtoni, akamwita nahodha arudi, akaanza kutupa viti ukingoni kimoja kimoja. Viti vya kukodi! Viwili vilichukuliwa na mto.

Walirudi na Pekeshe saa saba. Nilikuwa ukingoni nikiokota viti. Walimpitisha mbele yangu juu ya turubai, watu wanne. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimsalimia. Sidhani alinisikia.

Nikatoa ile karatasi ya Jumatatu kwenye mkoba, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Kisima nambari kumi na saba. Hewani. Mwenyewe: Pekeshe. Rangi nyekundu.

Niliikunja tena. Nilikaa juu ya kiti kimoja pale ukingoni kwa muda mrefu.

Ijumaa, 16 Mei.

Pekeshe amefariki saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kipindupindu, wamesema hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Nilifikiria kuahirisha uzinduzi. Lakini mgeni wa heshima alikuwa njiani, na hema lilikuwa limeshasimama. Saa tano mgeni akatuma udhuru. Watu waliokuja ni tisa, wawili kati yao ni wenye hema. Nilianza kusoma taarifa. Kwenye ukurasa wa pili bibi mmoja akauliza kwa upole kama maji ya kwake ni mazuri au mabaya. Nikamwambia tutafika hapo. Akasubiri kidogo, halafu akaondoka na wenzake.

Kiti cha mbele nilichomwekea Pekeshe alikikalia mtu nisiyemjua.

Jumapili, 18 Mei. Hewani.

Mazishi. Sikutaka kuja, lakini kutokuja kungeonekana vibaya.

Watu wengi mno, sijaona watu wengi hivyo tangu mafuriko. Walimzika nyuma ya nyumba, mahali pa juu, kwa sababu chini kote ni tope. Kisima kiko hatua thelathini kutoka pale. Mtu ameshakifunga kwa matawi ya miiba.

Baada ya sala Dama alinijia. Watu wakasogea kando.

"Josiah," akasema, "ile karatasi ulikuwa nayo tangu lini?"

Nikasema tangu Jumatatu. Nikaongeza upesi kwamba sikuwa nimeisoma. Nilidhani hilo lingenisaidia.

"Hukuisoma," akasema.

Hakuuliza, alirudia tu. Kisha akanipita, akamwendea Nuria, akamwomba awasomee watu sasa hivi, hapo hapo, kaburi likiwa bado bichi.

Nuria alisoma. Hakuwa na kipaza sauti. Alitaja kijiji, jina la mwenye kisima, na maji yake yafanywe nini. Dakika tano. Watu walikuwa wakirudia majina kwa sauti ya chini wasije wakasahau. Alipotaja kisima cha Bi Nimo, mama huyo aliinuka kabla sentensi haijaisha, simu sikioni, akiwaambia walioko nyumbani wamwage mtungi. Hakuna aliyeuliza swali. Hakukuwa na kisichoeleweka.

Nilisimama nyuma, karibu na migomba ya Pekeshe. Nilitaka kulia lakini nikaona watu watafikiri najionyesha.

Jumatatu, 19 Mei.

Daktari Hope amerudi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaomba ufunguo wa ofisi na daftari la namba. Daftari akampa Nuria pale pale mbele yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimekwenda kumwomba Dama msamaha. Nikasema nilihudhuria mazishi.

Akafungua mlango, akaushikilia mpaka nikatoka.

Jumanne, 20 Mei.

Usingizi mzuri. Mtu akipumzika huona mambo kwa upana.

Kuna shirika Hola linatafuta mratibu wa elimu kwa umma kuhusu maji. Wanataka uzoefu wa kuwafikishia wananchi matokeo ya utafiti, na wanataka takwimu. Nimekaa na fomu tangu asubuhi. Mwanzoni sikuwa na la kuandika, wale tisa wa hemani hawatoshi. Halafu nikakumbuka kuwa Jumapili nilikuwepo, mradi ulikuwa wetu sote, na matokeo yalisomwa hadharani na yakaeleweka.

Nimejaza. Eneo: Hewani. Njia iliyotumika: mkutano wa ana kwa ana. Idadi ya wananchi waliofikiwa: mia nne.

Wameomba pia jina la mtu wa jamii anayeweza kuthibitisha. Nimeandika la Dama.