Kuhusu Mama Mkwe na Breki ya Mbele

Nunguni,
Jumatano, 14 Oktoba 1987.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Mbuvi,

Pokea heshima zangu kwanza, malalamiko yanafuata. Ni mimi mkwe wako, Mwalimu Jonah Mutie, mume wa binti yako Muthoki, ambaye ana wiki tatu sasa huko kwako na amekataa kurudi mpaka nilete mbuzi wa kuomba msamaha. Nyumba imepoa, Baba. Napika ugali ambao hata kuku wanauzunguka kwanza wakiufikiria. Lakini mbuzi sileti, kwa sababu sina kosa, na nitaeleza.

Ni wewe uliyeniomba niwe nikimpeleka Mama kwa pikipiki yangu kila Alhamisi kwa mkutano wa akina mama wa kanisa kule Mukuyuni. Nthoni yetu sisi Wakamba unaijua kunishinda: mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawaangaliani usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu mwingine. Kwa hivyo Mama alikaa upande, akanipa mgongo, akashika keria. Siku ile ya aibu tuliteremka vizuri mpaka karibu na soko. Hapo nikafinya breki ya mbele, usukani ukatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na Mama akanikumbatia kiunoni mbele ya watu wote. Wauza nyanya waliacha kuuza nyanya.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Inasemekana pikipiki yangu ni mbovu. Hapana. Nilifungua gurudumu la mbele, nikapangusa ngoma ya breki, nikapiga viatu vya breki msasa, nikagonga spoku moja moja kwa kijiko. Zote zililia sawasawa.

2. Ili nisionekane nina ubaguzi, nilifunga kwenye keria gunia la mahindi lenye uzito wa Mama. Uzito huo niliukadiria kwa adabu, nikiwa nimeangalia kando. Nikapita nalo barabara ile ile ya Mukuyuni na Nunguni. Usukani haukutikisika hata kidogo, na gunia halikunishika popote. Sasa Baba, kama pikipiki ikibeba gunia inatulia, na ikimbeba Mama inatetemeka, mwalimu wa hesabu aandike jibu gani?

3. Sisemi Mama ana hitilafu. Ulimi wangu ukauke nikisema hivyo. Nasema tu kwamba anaegemea. Ningemwomba akae kama wanaume wanavyokaa, lakini siruhusiwi kuongea naye, na yule wa kutupitishia maneno ndiye huyo aliyejifungia kwako.

4. Kwa hivyo naomba wazee wa ukoo waisimamishe nthoni kwa mteremko ule tu, kuanzia juu kwenye kona mpaka darajani, kisha iendelee kama kawaida. Wakikataa, fundi wa mbao ameshapima pikipiki na yuko tayari kutengeneza ukuta mdogo kati yangu na Mama, wenye kidirisha cha hewa. Na kama ukuta nao ni aibu, basi Mama aandikishe kwa chifu kwamba siku ile hakunikumbatia yeye. Ni pikipiki iliyonikumbatia, ikatumia mikono ya Mama.

5. Ukijumlisha hayo yote utaona kwamba mbuzi anafaa kutoka kwako kuja kwangu. Dume, tafadhali, asiwe mzee sana.

Wasalimie wote hapo nyumbani, majirani, na kikundi chote cha akina mama. Mama msalimie kupitia kwa mtu anayeruhusiwa. Muthoki mwambie nimesalimia, lakini usimwambie mambo ya ugali.

Ni mimi mkwe wako mwenye haki na njaa,
Mwl. Jonah Mutie.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha wakati Nzioka, fundi wa pikipiki, alipopita hapa. Nikamsomea namba mbili kwa majivuno. Akaniuliza lile gunia nililipeleka upande gani. Nikamjibu nililitoa Mukuyuni nikalileta huku Nunguni. Akaniuliza kama kuna mtu hufunga breki akipanda mlima. Baba, niliifungua tena bahasha.

Aliinua gurudumu la mbele juu ya jiwe, akashika ile miguu miwili ya chuma inayobana gurudumu, akaivuta na kuisukuma. Ikalia ko, ko. Ni nati ya shingo ya usukani iliyolegea, na aliyeilegeza ni mimi, mwezi wa sita, nikitaka usukani uwe mwepesi. Mlio huo Mama aliusikia tangu Alhamisi ya kwanza. Kwa kuwa hawezi kuniambia, alimwambia Muthoki. Muthoki akaniambia. Nami nikamwuliza mke wangu tangu lini wanawake wa kwenu wakawa mafundi.

Kumbe Muthoki anangoja niombe msamaha kwa neno hilo, si kwa lile la sokoni. Namleta mbuzi Jumamosi. Nitakuja kwa miguu.